Kuamini kwa amri hakuwezekani. Basi kipi kinawezekana?

Jaribu jambo moja hapo hapo ulipokaa. Amini, kwa dakika mbili tu, kwamba Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la Mji Mkongwe Unguja, haijaporomoka. Iamini nzima kama tulivyoizoea, mnara wake na saa yake, roshani zake zinatazama Forodhani. Mtu akikuwekea milioni kumi mezani, utaweza kusema "naamini". Utaweza kula yamini. Utaweza hata kuivuta picha yake ya zamani kichwani ukaitazama. Kuamini kwenyewe hutaweza, kwa sababu unajua kwamba tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba lile ilianguka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha. Pesa haifiki pale ujuzi ulipokaa.

Sasa lipindue. Asubuhi ya siku ile uliamini jumba limesimama, kama lilivyosimama tangu 1883 zama za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Picha zilipoanza kuzunguka kwenye simu, imani ile ikaondoka bila ya kukutaka ruhusa. Hukukaa ukapima faida na hasara, hukuchagua. Uliona, na moyo ukageuka wenyewe.

Watu huzungumza kana kwamba mambo ni mengine. "Umeamua mwenyewe kutoamini." "Chagua tu kuniamini." Haya husemwa kwenye mabaraza, husemwa baina ya mume na mke, husemwa na mzee kwa mwanawe. Nnavyoona mimi, tunagombana juu ya hiari tukiitafuta mahala ambapo haipo, na kule iliko hatutazami. Kule iliko ni pakubwa, na pana hatari zaidi kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1973 mwanafalsafa wa Kiingereza Bernard Williams alieleza kwa nini imani haiji kwa kuitwa. Tuseme unao uwezo wa kujitia imani yoyote unayoitaka. Leo usiku ukajitia moja, kesho ukaamka nayo, na unakumbuka vizuri kwamba uliitia mwenyewe bila ya kujali kama ni kweli au si kweli. Utaichukua kuwa ndivyo mambo yalivyo? Haiwezekani. Kuamini jambo ni kulichukua kuwa ni kweli, na hili unajua kwamba ukweli haukuwa na mkono ndani yake. Hila hiyo ingefaa tu kama ungesahau kwamba umeifanya. Liweke neno hilo akilini, maana binadamu ni hodari sana wa kusahau.

Kwa sisi tuliosomeshwa chuoni hili si geni. Aya ya 256 ya Suratul Baqara inasema hapana kulazimishana katika dini. Aya ya 106 ya Suratun Nahl inamvua lawama aliyelazimishwa kutamka ukafiri hali ya kuwa moyo wake umetua juu ya imani, na wafasiri huitaja hapo habari ya sahaba Ammar bin Yasir aliyeteswa Makka. Katika Suratul Hujurat, aya ya 14, mabedui waliosema "tumeamini" wanaambiwa waseme "tumesilimu", kwani imani bado haijaingia nyoyoni mwao. Ulimi na viungo viko upande mmoja, moyo uko upande wa pili. Na Mtume mwenyewe, rehma na amani zimshukie, alikuwa akikithirisha dua ya kumuomba Mwenye kuzigeuza nyoyo authibitishe moyo wake juu ya dini yake. Mtu haombi kitu ambacho kiko mkononi mwake chote.

Fiqhi inavyomhudumia mwenye shaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona pahala pengine ambapo jambo hili limefanyiwa kazi kwa vitendo namna hii.

Kaida ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtu ana yakini alitawadha adhuhuri. Inaingia alasiri, anashuku kama udhu ulimtoka. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa Unguja na Pemba, hukumu yake ni kuwa ana udhu, asali. Kinyume chake: ana yakini udhu ulimtoka, ila anashuku kama alitawadha tena baadaye. Huyo hana udhu, atawadhe. Yuko ndani ya sala na hajui amesali rakaa tatu au nne? Ajenge juu ya chache, yaani tatu, aongeze moja, kisha asujudu sijda mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Shaka ya idadi ya rakaa ikimjia baada ya salamu, haimuathiri, aende zake.

Tazama kilichofanyika hapo. Hakuna hata pahala pamoja ambapo mtu ameambiwa ajiaminishe kwamba ni rakaa nne. Sheria haiidai akili kitu isichokuwa nacho. Inamuacha na shaka yake kifuani na inauambia mwili ufanye nini. Mtu anaweza kumaliza sala nzima bila ya kujua kama ile rakaa ya mwisho ilikuwa ya nne au ya tano, na sala yake ikawa sahihi.

Asiyelifahamu hili huingia kwenye wasiwasi, na wasiwasi una mwendo wake unaojulikana. Mtu anaosha mkono mara tatu kama ilivyo sunna, kisha anahisi kisugudi hakikupata maji. Anarudia. Anahisi tena. Anafika kwenye takbira ya kuhirimia, anaikata kwa kuona nia haikukaa sawa, anaanza upya, na imamu amesharukuu. Ukimuuliza atakuambia: "Nikipata yakini nitaacha." Hapo ndipo kosa lilipo. Anaitafuta yakini kwa kurudia, na kurudia ndiko kunakoiua.

Hili limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa watu jiko la gesi la kwenye kompyuta, wakawaambia walizime na kulikagua tena na tena. Waliorudia sana hawakukumbuka vibaya kuliko wenzao, lakini kumbukumbu yao ilififia, haikuwa wazi tena, na wao wenyewe wakapoteza imani nayo. Macho yalikuwa yameona jiko limezimwa. Yakini ndiyo iliyochakaa kwa kukaguliwa.

Ndiyo maana dawa ya masheikh na dawa ya madaktari wa akili zimekutana. Masheikh husema usiupe wasiwasi nafasi: osha mara tatu, funga mfereji, ondoka, hata kama kifua kinapiga kelele. Madaktari humzoesha mgonjwa kukaa na shaka huku wakimzuia asirudie. Dakika za mwanzo ni nzito kweli. Hofu inapanda, inafika kileleni, kisha inashuka yenyewe bila ya mtu kuosha chochote. Baada ya siku nyingi za kufanya hivyo, ile yakini aliyokuwa akiikimbilia humjia polepole.

Kinachoharibu matibabu haya mara nyingi ni huruma ya watu wa nyumbani. Mgonjwa anamuuliza mamake: "Mama, umeniona nimeosha mguu?" Mama anajibu ndiyo, amtulize. Hilo nalo ni kurudia, ila kwa mdomo wa mtu mwengine, na baada ya dakika kumi ataulizwa tena. Jibu lifaalo ni kumwambia kwa upole: "Hilo nishakwambia sitalijibu, twende tukasali." Na wasiwasi ukishamla mtu masaa ya siku, akawa anachelewa kazini au skuli, apelekwe kwa daktari wa akili. Hapa Unguja hospitali ya Kidongo Chekundu ipo kwa kazi hiyo, na kwenda huko hakupunguzi imani ya mtu.

Namna mtu anavyojiaminisha

Turudi kwenye lile neno la kusahau. Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati, alitoa mfano wa mwenye meli iliyokuwa kuukuu na haikujengwa vizuri tangu mwanzo. Meli imekaribia kuondoka na wahamiaji. Watu wamemtia shaka kwamba haifai. Shaka inamkera, kwani ukarabati ni gharama. Basi akajikumbusha safari nyingi ilizokwenda ikarudi salama, akamtegemea Mungu kwa wale abiria, akazifukuza dhana mbaya juu ya mafundi wake, mpaka moyo ukatua. Meli ikazama, naye akapokea fedha za bima. Clifford akasema mtu huyu ana hatia ya roho zile ingawa aliamini kwa dhati, na hatia yake ingekuwa ile ile lau meli ingefika salama, kwani hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao.

Visiwani kwetu mfano huu hausomwi kwa utulivu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba huku imejaza watu kupita kiasi, ilizama nje ya Nungwi na kuchukua mamia ya roho. Tarehe 18 Julai 2012 ikafuata MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam, karibu na Chumbe. Sihukumu hapa nani aliamini nini katika misiba hiyo. Ila yeyote anayesafirisha watu baharini, hata kwa boti ya mbao, anapaswa kujua jinsi imani ya "itafika tu" inavyotengenezwa, kwa sababu haitengenezwi kwa uamuzi mmoja.

Kwanza inaingia shaka: maji ndani ya boti ni mengi kuliko jana, au mashine inakatakata. Kisha inaakhirishwa: tutaitazama tukirudi. Halafu ushahidi unaanza kuchaguliwa. Safari ngapi tumekwenda na hapana kilichotokea? Hesabu hiyo ni ya uongo mara mbili. Safari za kaskazi na bahari imelala zinahesabiwa pamoja na safari za kusi kali, na ile siku mliyozidisha watu mkanusurika inaandikwa kuwa ni dalili ya kwamba kuzidisha hakudhuru, wakati ilikuwa ni dalili ya kwamba mlikaribia. Baadaye linakuja la watu: anatafutwa wa kusema "hamna neno", na fundi anayejulikana kuwa hapindi maneno hapigiwi simu. Mwisho inaletwa tawakali. Na mtume wetu alipoulizwa na mwenye ngamia kama amuache tu na kumtegemea Mungu, alimwambia amfunge kwanza.

Baada ya hapo nahodha anaamini kweli. Umpime kwa mashine yoyote, hasemi uongo. Wala hapana dakika aliyojiambia "sasa naamua kuamini". Aliamua mambo madogo madogo: kuakhirisha, kutohesabu vizuri, kutompigia fundi. Kila moja la hayo lilikuwa mkononi mwake. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba, maadamu imani haichaguliwi, basi hapana wa kulaumiwa kwa anachoamini.

Kinga yake ni kuweka sharti kabla ya siku. Jioni, pwani imetulia na hapana abiria aliyeshika noti, andikeni: idadi yetu ni hii, majaketi ya kuokolea yawe sawa na vichwa, pampu ijaribiwe kwa maji na isitazamwe tu, upepo ukifika kiasi hiki hatung'oi nanga. Asubuhi hamuulizani tena "unaonaje?" Mnasoma karatasi. Mtu aliyekwisha kuahidi watu na kupokea nauli si hakimu mzuri wa bahari, hata akiwa na miaka thelathini ya unahodha. Karatasi yenyewe huharibika kwa njia moja, nayo ni kubadilishwa gatini. Ikihitaji kubadilishwa, ibadilishwe baada ya safari.

Lisemwalo lipo

Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje makundi makundi, moto umewashwa, wakiogopa kulala vyumbani. Wengi walieleza jambo linalofanana: umeamka, huwezi kujinyanyua, kifua kimebanwa, na kuna kitu chumbani. Unguja mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Kile walichokihisi si uzushi. Jinamizi lina maelezo yake ya mwili. Katika usingizi wa ndoto ubongo hulegeza misuli ili mtu asije akainuka kuifuata ndoto yake. Mara nyengine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, kwa sekunde kadhaa au dakika moja mbili. Macho yanaona chumba, mwili haujibu, pumzi inahisi nzito, na ndoto bado haijatoka yote. Hutokea zaidi kwa mwenye kukosa usingizi na kwa anayelala chali. Na kijiji kizima kikikesha kwa hofu, usingizi unakatika kwa wengi, na majinamizi nayo yanaongezeka.

Ila umbo la yule anayekubana halitoki kwenye misuli. Newfoundland, huko Kanada, watu wa zamani walimuona kizee cha kike amewakalia kifuani. Hapa alionekana yule aliyekuwa akisimuliwa kila jioni. Katika usiku wenyewe hapana hiari hata kidogo, na kumwambia mtu "usiamini mambo hayo" akiwa katika hali ile ni kumuonea. Hiari ilikuwepo mchana, katika mazungumzo gani ya kukaa, mara ngapi kuyasikiliza, na kama mtu atayapeleka mbele.

Hiyo "mara ngapi" ina uzito wa pekee. Mwaka 1977 nchini Marekani Lynn Hasher na wenzake waliwapa wanafunzi wa chuo kauli za kukisia, nyengine za kweli nyengine za uongo, mara tatu kwa mapumziko ya wiki mbili mbili. Kauli zilizorudiwa zilipandishwa daraja ya ukweli kila ziliporudi, na za uongo zilipanda pamoja na za kweli. Kinachosikika tena huingia akilini kwa wepesi, na wepesi huo akili huuchukua kuwa ni ukweli. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Linakuja kwa njia hii.

Kwenye WhatsApp kazi ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Ujumbe wenye mishale miwili umeshapita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 programu yenyewe inakuzuia kuupeleka zaidi ya pahala pamoja kwa mkupuo. Ukiuona, usiusikilize mara ya pili ili "kuhakikisha", kwani mara ya pili ndiyo inayouzoesha. Tafuta ndani yake jina la pahala, tarehe na mtu anayeweza kuulizwa. Vikikosekana vyote vitatu, futa. Na ukitaka kukanusha kitu kwenye kundi la familia, anza kwa lililo la kweli, litaje la uongo mara moja tu, umalizie kwa la kweli. Anayekanusha kwa kuirudia klipu nzima anaisaidia.

Kuipima imani uliyonayo tayari

Watu husema "mimi natazama pande zote mbili". Kutazama hakutoshi. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwasomesha waungaji mkono na wapinzani wa adhabu ya kifo tafiti mbili zile zile, moja inaunga mkono na moja inapinga. Kila upande uliuona utafiti wa upande wake kuwa madhubuti na ule mwengine kuwa na kasoro, na wengi wakasema msimamo wao umezidi nguvu. Mwaka 1984 Lord na Lepper, pamoja na Elizabeth Preston, walijaribu dawa mbili. Kuwaambia watu wawe waadilifu hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwaambia wajiulize kila hatua: je, utafiti huu huu, kwa njia hii hii, lau ungeleta jibu la kinyume, ningeupima hivi hivi?

Basi fanya hivyo kwa karatasi. Iandike imani yako kwa sentensi moja, wazi kiasi cha kwamba mwenzako anaweza kukuonesha umekosea. "Mtaa ule una watu wabaya" haipimiki. Andika chini yake umeipata vipi: umeona, umesikia kwa aliyeona, umekisia, au umekuta inasemwa nyumbani. Mara nyingi kazi inaishia hapa, maana mtu anagundua kwamba jambo aliloligombea miaka yote hakuliona wala hakulisikia kwa aliyeliona. Kisha andika ni kitu gani ukikiona utaiacha. Kama huwezi kukitaja, jua kwamba unalilinda jambo hilo, na hapo afadhali ujiulize unalinda nini. Halafu mtafute anayepinga kwa hoja nzuri kuliko wote. Kosa kubwa ni kumchagua mpinzani dhaifu, ukamshinda, ukarudi nyumbani na imani ngumu zaidi. Kosa la pili halionekani kwa urahisi: kuacha kutafuta pale tu ulipopata jibu unalolipenda. Weka mwisho wa utafutaji kabla ya kuanza, tuseme watu watatu au vitabu viwili, na usiufupishe.

Usiifanye kazi hii usiku wa manane wala siku ya msiba.

Yapo mambo ambayo ushahidi wake hutaweza kuukusanya mwenyewe, na hapo unachochagua ni wa kumfuata. Mwezi wa Ramadhani tunaujua sote: nyumba mbili zinazotazamana, huku wamefunga kwa habari za nchi nyengine, kule wanangoja tangazo la Ofisi ya Mufti. Anayesema kila eneo na mwezi wake anaitegemea hadithi ya Kuraib, aliyetoka Sham (Syria) na habari za mwezi, na sahaba Ibn Abbas asizifanyie kazi Madina. Anayesema mwezi ukionekana popote unawalazimu wote naye ana wanavyuoni wake. Katika Kishafii shahidi mmoja muadilifu anatosha kuingia Ramadhani, na kutoka wanatakiwa wawili, kwani kukosea kwa kufunga siku ya ziada si sawa na kukosea kwa kula siku ya faradhi. Yaani kiasi cha ushahidi kinapimwa kwa hasara ya kukosea, na hiyo ni kanuni ya kuchukua hata kwenye mambo ya hospitali na biashara. Na aliyeuona mwezi kwa macho yake, ushahidi wake ukakataliwa, analazimika kufunga yeye. Akiuona wa Shawwal peke yake, anakula kwa siri. Macho yake hayakuamrishwa kukanusha, na mji haukuamrishwa kumfuata.

Kwa mwenye imani inayoyumba, na kwa wazazi wake

Blaise Pascal, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki 1662, alimshauri anayetaka kuamini na hawezi: fanya wanayoyafanya waumini, moyo utafuata. Shauri hili lina kweli ndani yake na lina mtego. Kweli yake ni kwamba ibada, suhuba na mazoea hubadilisha kile mtu anachokiona na kinachomgusa, na baada ya muda moyo nao husogea. Mtego ni ule wa nahodha: mtu anaweza kuyatumia mazoea kuizima hoja ambayo ilistahili jibu. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alipatwa na shaka nzito iliyomkalia karibu miezi miwili, mpaka akawa hana yakini hata na anayoyaona kwa macho. Anasema haikuondoka kwa kupanga hoja. Iliondoka kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Lakini mtu huyo huyo aliendelea kuzisoma hoja za wanafalsafa kwa takriban miaka miwili kabla ya kuzijibu. Hakumtaka mtu alale na swali.

Kwa hiyo mzazi anayemuona kijana wake ameanza kulegalega, swali la "unaamini au huamini?" liache. Linamlazimisha kuchagua baina ya kusema uongo na kuvunja nyumba, na wengi huchagua uongo, kisha hawasemi tena kitu chochote cha kweli mbele yako. Muulize nini kimemsumbua, na umuache aseme mpaka mwisho bila ya kumkatiza kwa istighfari. Mara nyingi kilichoko chini ni kifo cha mtu aliyempenda, au mwalimu aliyempiga, au jambo la skuli aliloambiwa kwamba linapingana na dini. Kila moja lina mtu wake wa kulijibu: la kwanza halitaki sheikh hata kidogo, linataka mtu wa kukaa naye. La tatu linataka mtu anayezijua elimu zote mbili, na kama hamumjui, semeni hamumjui na mumtafute pamoja. Sala muachie mlango wazi, mwende msikitini naye akitaka kwenda, na akirudi msimuulize kama safari hii imani imeingia.

Na kijana mwenyewe, kama ni wewe unayesoma: usijidai una yakini usiyokuwa nayo, wala usiharakishe kujidai umeikosa yote. Andika lile swali kwa sentensi moja. Mpelekee mtu mmoja unayemuamini kwamba hatakutangaza. Ukipata usingizi wa siku tatu mfululizo, lisome tena.